Magari manne, chaja moja: kisa cha kurudi Nairobi kutoka Mombasa baada ya Mwaka Mpya

Usuli

Kisa hiki ni cha familia ya watu watano walioshuka Mombasa kwa Krismasi na kurudi Nairobi tarehe 2 Januari, kwenda na kurudi kwa gari la umeme. Wenyewe wamekubali kisimuliwe mradi majina, hoteli na aina ya gari lao visitajwe. Dereva nitamwita Baba Neema na mkewe Mama Neema. Walikuwa pia na watoto wawili na bibi yao mzaa mama.

Gari lao ni la mwili wa kati, lenye betri ya uniti 60. Uniti ninayosema ni ileile tunayonunua kwa tokeni, kwa hiyo hesabu zote zilizomo humu unaweza kuzipima kwa mita ya nyumbani kwako.

Barabara ya Mombasa haina haja ya kutambulishwa: kilomita 480 hivi, malori usiku na mchana, na kila Desemba nusu ya Nairobi huhamia humo. Ila kwa gari la umeme kuna jambo moja ambalo dereva wa petroli halimsumbui. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, nayo Mtito Andei, katikati ya njia, iko mita 700 na ushei. Kwenda ni kushuka, kurudi ni kupanda. Ukilichukua gari lenye tani mbili na kidogo pamoja na abiria na mizigo, kulipandisha tu kutoka pwani hadi Nairobi kunakula uniti 9 hadi 10, kabla hujahesabu upepo, matairi na kiyoyozi. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya saba ya betri kama ya Baba Neema.

Chaja waliyoitegemea ilikuwa katika hoteli moja pande za Mtito Andei. Ni ya kilowati 30, yaani hutoa uniti 30 hivi kwa saa, ina nyaya mbili zenye plagi tofauti, lakini inahudumia gari moja kwa wakati mmoja. Nyaya mbili hizo huwapotosha wengi. Mtu anafika, anaona waya mmoja umening'inia bure, anadhani ana bahati.

Kushuka: mambo yalikwenda vizuri mno

Waliondoka Nairobi saa tisa usiku. Saa moja asubuhi walikuwa Mtito Andei wakiwa na asilimia 40, na hapakuwa na gari jingine. Wakanywa chai kwa mandazi, watoto wakanyoosha miguu, na baada ya dakika hamsini na kitu betri ilikuwa imefika 80. Mombasa waliingia na asilimia 15.

Ndipo Baba Neema akajijengea kanuni: Mtito Andei ni saa moja, na 80 inatosha. Kanuni yenyewe ilikuwa sahihi kwa siku ile, saa ile na upande ule wa barabara.

Siku ya kurudi

Mombasa walifikia kwa jamaa, na hapo walifanya jambo la busara. Soketi ya kawaida ya ukutani, kwa waya wa kubebea unaokuja na gari, hutoa kilowati 2 na kidogo. Usiku mmoja hautoshi kujaza betri ya uniti 60 iliyo karibu kuisha. Walianza kuchaji jioni ya tarehe 31 badala ya kungoja mkesha wa safari, hivyo tarehe 2 saa kumi na moja alfajiri walitoka na asilimia 100.

Mariakani wakakuta malori yamesimama. Jua lilipopanda, kiyoyozi hakikuzimwa tena. Walifika hotelini saa nne na dakika kumi wakiwa na asilimia 22, karibu sawasawa na walivyokadiria. Hadi hapo gari halikuwa na kosa lolote.

Kwenye chaja palikuwa na gari kubwa la betri ya uniti 80 na ushei, limefika asilimia 64, na mwenyewe hayupo. Pembeni, chini ya mwarobaini, Nissan Leaf ndogo ilikuwa inangoja. Mlinzi wa hoteli ndiye alikuwa msimamizi wa foleni bila kuajiriwa kwa kazi hiyo.

"Huyu wa kwanza ameingia kula, mkubwa," alimwambia Baba Neema. "Alisema akijaza atatoka."

"Akijaza mpaka ngapi?"

"Mpaka ijae."

Mama Neema ndiye aliyekataa kukaa garini. Alimpeleka bibi na watoto kivulini, wakazima gari lote pamoja na kiyoyozi, kisha akamtuma mlinzi aingie mkahawani na kutangaza rangi ya gari. Akatoka mzee mmoja, leso ya kufutia mikono ingali mkononi. Baba Neema akamwamkia, "Shikamoo mzee," wakaulizana hali na safari, ndipo wakafika kwenye shida yenyewe.

Mzee alikuwa anakwenda Nairobi pia. Alitaka kujaza yote kwa sababu moja tu: hakujua ni kiasi gani kingetosha, na aliogopa kulala barabarani. Kijana wa Leaf alikuwa amelala Voi, akachaji kwa soketi ya gesti, na alikuwa anaelekea Emali tu. Naye alipanga kujaza kabisa, kwa kuwa alishafika na chaja ndiyo hiyo.

Walisimama watatu mbele ya mashine, mlinzi akatoa daftari lake la magari yanayoingia, wakaandika nyuma ya ukurasa: unakwenda wapi, umebaki na uniti ngapi, unahitaji ngapi kufika na akiba. Kwa gari kubwa lile, kilomita 235 za kupanda hadi Nairobi zilidai uniti 56 hivi. Alikuwa nazo 57 wakati huo, kwa hiyo 10 zaidi zilimtosha. Leaf ilihitaji uniti 8 tu. Baba Neema alihitaji nyingi kuliko wote: gari lake lingekula uniti 49 hivi hadi Nairobi, naye alikuwa na 13.

Wakakubaliana mzee atoke akifika asilimia 82, Leaf ichukue dakika ishirini, kisha Baba Neema achomeke. Mzee alitoka saa tano kasoro dakika kumi. Saa tano na dakika ishirini ilikuwa zamu ya Baba Neema.

Saa sita na dakika tano, gari likiwa asilimia 55, feni ya mkahawa ikapunguza mwendo, ikasimama. Stima zimepotea. Jenereta ya hoteli ikawashwa, lakini ilikuwa ya taa, friji na pampu ya maji. Chaja iliachwa nje ya laini yake. Baba Neema akajaribu waya wake wa kubebea kwenye soketi ya jikoni. Ukawaka taa nyekundu. Waya hizi hupima kwanza kama kuna waya wa ardhi, na jenereta nyingi ndogo hufungwa bila huo. Waya ukikosa ardhi haupitishi umeme, na ni vizuri kwamba haupitishi. Kulikuwa na fundi aliyeshauri wauhadae kwa kipande cha waya. Hawakumsikiliza.

Wakaagiza chakula na kuweka mpaka: ikifika saa nane kamili umeme haujarudi, wataondoka na 55 yao, mwendo wa kilomita 70 kwa saa, hadi Emali, walale huko wakichaji kwa soketi ya ukutani. Emali ni kilomita 110 hivi, na uniti 33 zilizomo betrini zingewafikisha na akiba. Mama Neema akapiga simu kutafuta gesti yenye nafasi kabla ya watu wengine kupata wazo hilohilo.

Saa saba u nusu umeme ukarudi. Mashine ikaanza tena, na kioo chake kikaonyesha kilowati 29.

Gari la nne lilifika saa nane hivi, likitoka Nairobi, vijana watatu wanaoteremka pwani. Walikuwa na asilimia 38. Mmoja akatazama kioo cha chaja, akaona 80.

"Mzee, umefika themanini. Kawaida ni kutoa hapo, wengine nao wachaji."

"Sisi tunapanda Nairobi, kijana wangu. Themanini haitufikishi."

"Lakini hiyo ndiyo sheria, kila mahali."

Mama Neema alitaka wakae hadi 95. Baba Neema aliona haya. Watu walikuwa wanatazama, na yeye mwenyewe saa nne iliyopita ndiye aliyekuwa upande wa kuomba. Akachomoa kwenye 86.

Maamuzi, na sababu zake

Maamuzi manne yana uzito hapa. Mengine yaliyofanyika yalitokana nayo.

Kwanza, kuamua kuzungumza kwa uniti badala ya asilimia. Halikuwa wazo la Baba Neema. Lilitokea kwa kuwa mzee hakuziamini asilimia. Gari lake na Leaf zote zinaweza kuonyesha 70, lakini ya kwanza ina umeme zaidi ya mara mbili ya ile ya pili.

Pili, kumtanguliza mwenye haja ndogo mbele ya mwenye haja kubwa, ingawa Leaf ilikuwa imeshatangulia hata kwa utaratibu wa kawaida. Kilichobadilika ni muda: Leaf ingekaa karibu saa nzima kujaza, ikakaa dakika ishirini.

Tatu, kuweka saa ya kuondoka wakati umeme umekatika. Wengi hukaa wakisema utarudi sasa hivi, mpaka giza likawakuta.

Nne, kuchomoa kwenye 86.

Matokeo

Waliondoka hotelini saa nane na robo. Baba Neema alishusha mwendo hadi 75, akajibana nyuma ya lori la kontena kila alipopata la mwendo huo, akiacha nafasi ya kutosha kufunga breki. Matumizi yakashuka kutoka uniti 21 kwa kila kilomita 100, alizokuwa amekadiria kwa mwendo wa kawaida, hadi 19 hivi. Kwenye vilima vya Salama walizima kiyoyozi, bibi akanung'unika. Mlolongo walikuta msongamano wa kawaida, ambao kwa gari la umeme ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Nyumbani walifika saa moja na robo usiku na asilimia 11, baada ya saa kumi na nne tangu watoke Mombasa. Walikuwa wamepanga kufika saa nane mchana.

Uchambuzi: foleni iliwaokoa kabla hawajajua

Tazama kwanza kile ambacho kingetokea bila lile daftari. Mzee angejaza hadi saa tano u nusu au zaidi, kwa kuwa zile asilimia za mwisho huingia polepole. Leaf ingechukua saa nzima nyingine. Umeme ulipokatika saa sita na dakika tano, Leaf ingekuwa bado imechomekwa na Baba Neema angekuwa kivulini na asilimia 22, hana namna ya kufika Emali, wala Makindu isipokuwa kwa kubahatisha. Mazungumzo ya robo saa ndiyo yaliyowapa uniti 20 zilizogeuza kukatika kwa umeme kuwa chakula cha mchana kirefu tu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kisa hiki ni cha umeme usioaminika. Umeme ulikatika, ndiyo, kama unavyokatika. Kilichoamua mambo ni kwamba saa za asubuhi zilitumiwa vizuri na watu ambao hawakujuana.

Lakini halikuwa jambo la kupangwa. Lilitegemea mama mmoja asiyeogopa kusumbua watu mezani, na mzee aliyeamkiwa vizuri. Mzee hakuacha hata namba ya simu kwa mlinzi. Plagi ikishafungwa na gari, mlinzi hana la kufanya. Mwenye gari akiwa amelala chumbani, foleni nzima imelala naye. Kama kuna jambo moja ambalo hoteli ingeweza kulifanya bila gharama, ni kukataa kumfungulia mtu chaja kabla hajaandika namba na anakokwenda.

Uchambuzi: ile asilimia 80

Hapa ndipo kisa kina somo ambalo silioni likisemwa barabara za kwetu.

Kanuni ya 80 ina asili yake. Kwenye barabara kuu za Ulaya na Marekani chaja nyingi ni za kilowati 150 au zaidi. Gari hupokea umeme kwa kasi kubwa betri ikiwa chini, na ikishavuka 80 hujipunguzia lenyewe ili kulinda betri. Mtu anayekaa hadi 100 pale anashikilia mashine yenye nguvu kubwa akinywa kwa mrija mwembamba, wakati chaja nyingine iko mbele kidogo. Mei 2019 Tesla ilianza kuyazuia magari kwenye 80 katika vituo vyake vyenye shughuli nyingi, kwa sababu hiyohiyo. Huko ina mantiki.

Mtito Andei sababu zote mbili hazipo. Mashine ni ya kilowati 30, kiwango ambacho gari la kisasa linaweza kukipokea hata likiwa limevuka 80. Kioo kilionyesha 29 betri ikiwa 55, 29 ikiwa 80, na 28 alipochomoa kwenye 86. Hakuna mrija uliokuwa umekuwa mwembamba. Wala mbele hapakuwa na chaja nyingine ya haraka wanayoijua hadi karibu na Nairobi.

Sasa piga hesabu ya ile haya. Kutoka 86 hadi 95 ni uniti 5 na kidogo, yaani dakika kumi na mbili kwa mashine ile. Vijana wa gari la nne wangengoja dakika kumi na mbili zaidi, wakiwa wanashuka mlima, wenye haja ya uniti 27 hivi. Kwa kuwaokolea dakika hizo, familia ya watu watano ilitembea kwa 75 badala ya 95 kwa kilomita zaidi ya mia mbili. Kwenye karatasi hiyo ni dakika 40. Barabarani pengine ilikuwa nusu saa, kwa kuwa malori ya tarehe 2 Januari hayakuruhusu mtu kukaa kwenye 95 muda mrefu. Hata hivyo ni muda, na bibi akatokwa jasho Salama.

Baba Neema hakukosa kwa kuwa mpole. Alikosa kwa kukubali kipimo kibaya, wakati asubuhi ileile alikuwa ametumia kizuri. Angemvuta kijana kwenye daftari na kumwonyesha: mimi 49, wewe 27, mimi napanda, wewe unashuka. Sidhani kijana angebisha. Hakuwa mkorofi, alikuwa amesoma kanuni mahali.

Upande wa pili nao usemwe. Baba Neema mwenyewe aliposhuka Desemba, 80 ilimtosha kabisa na ikabaki 15. Anayeshuka pwani hana sababu ya kukaa hadi 95 watu wakimngoja. Asilimia ileile haiwezi kuwa sheria ya pande mbili za barabara yenye tofauti ya kimo ya mita 1,700.

Uchambuzi: ratiba

Kosa la ratiba lilianza Desemba. Walipima kituo saa moja asubuhi kikiwa tupu, wakaingiza saa moja kwenye mpango wa siku ambayo kila mtu anarudi kazini na watoto wanakaribia kufungua shule. Kufika kwenye chaja si kuanza kuchaji. Mpango wa tarehe 2 ulihitaji saa tatu za Mtito Andei, au uamuzi wa kuvunja safari Voi usiku wa tarehe 1 kama alivyofanya kijana wa Leaf. Yule, mwenye betri ndogo kuliko wote na gari kuukuu kuliko yote, ndiye aliyesafiri kwa raha, kwa sababu alichajia mahali alipolala na hakuitegemea chaja ya haraka ila kwa nyongeza.

Kulala Voi kungewagharimu chumba. Baba Neema ameniambia angekilipa. Kutoka Voi na betri iliyojaa, Nairobi ni kilomita 330 za kupanda, kwa hiyo bado wangesimama Mtito Andei, ila kwa dakika thelathini au arobaini za kuongeza, na umeme ukikatika wangekuwa na akiba ya kufika Emali bila kumwomba mtu.

Mama Neema ana pendekezo lake: mwaka ujao bibi na watoto wapande treni ya SGR, gari liwe jepesi. Kwa starehe ya bibi ana haki, akipata tiketi za Desemba mapema. Kwa betri, hata gari likipungua kilo 200, kupanda kote kutoka bahari hadi Nairobi kungeokoa uniti moja hivi.